Pombe inapogeuka ugonjwa: juu ya nini mlevi anatetemeka asubuhi, na juu ya nini kuacha ghafula kunaweza kumuua

Jirani yetu mmoja, mchimbaji wa dhahabu hapa Salamabila, alikunywa lotoko yake ya mwisho Jumapili usiku. Jina lake nalificha. Jumatatu asubuhi aliapa mbele ya bibi yake na wakubwa wa familia kwamba hatagusa tena pombe. Watu wakafurahi, mama yake akalia. Jumatatu jioni mikono ilikuwa inatetemeka kiasi cha kushindwa kushika kikombe cha chai. Jumanne hakula kitu, alilowa jasho, alitapika, usingizi hakuna. Jumatano usiku akaanza kupiga kelele: panya wanapanda ukutani, watu wenye silaha wamejificha nyuma ya nyumba, wanakuja kumchukua.

Familia ikagawanyika. Wengine wakasema amelogwa na wenzake wa shimo juu ya dhahabu. Wengine wakasema ni mapepo, aombewe. Wakamfunga kamba ili asikimbilie porini. Alhamisi asubuhi shangazi yake alikataa kungoja zaidi, akamleta kwenye kituo cha afya akiwa amebebwa nyuma ya moto. Muuguzi hakuuliza habari ya uchawi. Aliuliza tu kitu kimoja: huyu mtu alikunywa mara ya mwisho lini?

Hilo swali ndilo lilimwokoa. Na ndilo limenifanya niandike habari hii, maana kumbe wengi wetu tunajua ulevi kama tabia mbaya, kama dhambi, kama aibu ya nyumba, lakini hatujui kama ni ugonjwa wenye njia yake ndani ya mwili. Asiyejua njia hiyo anaweza kumuua ndugu yake huku anadhani anamsaidia.

Kwenye glasi kuna nini?

Kitu kinacholewesha ni kimoja tu kwenye vinywaji vyote: wanakemia wanakiita etanoli. Iko kwenye bia, kwenye malafu, kwenye lotoko, kwenye viski ya sashe. Tofauti ni kiasi.

Malafu inaanza kuchacha yenyewe mara tu inapotoka kwenye mti, kwa kazi ya hamira ndogo zisizoonekana kwa macho ambazo zinakula sukari na kuacha pombe. Ndiyo maana malafu ya asubuhi ni tamu, na ile ya jioni inapiga kichwa. Hamira hizo zina mpaka: pombe ikizidi, zinakufa zenyewe. Ndiyo sababu kinywaji kilichochachuka tu hakiwezi kuwa kikali sana.

Lotoko ni kitu kingine. Unga wa mahindi na muhogo unachachuka kwanza, kiisha unapikwa kwenye pipa. Pombe inachemka kwenye digri 78, maji kwenye digri 100. Kwa hiyo mvuke wa pombe unatangulia, unapita kwenye bomba lililopozwa na maji, unadondoka ukiwa mkali. Hakuna anayepima. Pipa la leo linaweza kuwa na nguvu mara mbili ya lile la juzi.

Tufanye hesabu kidogo. Chupa kubwa ya bia, sentilita 72, yenye nguvu ya 5 kwa mia, ina karibu gramu 28 za pombe safi. Glasi ndogo ya lotoko, sentilita 10 tu, ikiwa na nguvu ya 40 kwa mia, ina karibu gramu 32. Maana yake, yule anayesema "mimi nimekunywa kaglasi kamoja tu" amekunywa kupita yule aliyemaliza chupa nzima ya bia.

Ini lina mwendo wake

Pombe haingoji kusagwa kama bugali. Inapita kwenye tumbo na utumbo mdogo, inaingia kwenye damu, na kwa dakika chache iko kwenye ubongo. Ukinywa bila kula inaingia haraka zaidi. Kwa mwili wa mwanamke, glasi ile ile inapanda zaidi, kwa sababu kwa kawaida mwili wake una maji kidogo kuliko wa mwanaume.

Kazi ya kuitoa ni ya ini. Kwanza inaigeuza kuwa sumu moja inayoitwa asetaldehidi, kiisha inaigeuza tena kuwa kitu kisicho na hatari kubwa. Ile sumu ya katikati ndiyo inaharibu chembe za mwili, na ni moja ya sababu pombe inaleta kansa. Tangu 1988, shirika la kimataifa linalochunguza kansa limeandika vinywaji vya pombe kwenye orodha ya vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu: kansa ya mdomo, ya koo, ya ini, ya matiti na nyingine.

Ini la mtu mzima linaweza kutoa karibu gramu 7 hadi 10 za pombe kwa saa moja. Kahawa haiongezi mwendo huo. Kuoga maji baridi hakuongezi. Kutapika hakutoi ile iliyokwisha kuingia kwenye damu. Kwa hiyo mtu aliyekunywa bia kubwa nne mpaka saa sita ya usiku, mwili wake unahitaji saa 11 hadi 16 kumaliza kazi. Saa kumi na mbili ya asubuhi anashuka kwenye shimo au anapanda moto akisema amelala vizuri. Kumbe pombe bado iko kwenye damu. Macho yanachelewa, mguu unachelewa, na ukuta wa shimo hauchelewi.

Namna ubongo unavyokamatwa

Sasa tufike kwenye ugonjwa wenyewe.

Ubongo unafanya kazi kwa ujumbe. Kuna ujumbe wa kuamsha, kama mtu anayeongeza gesi kwenye moto, na kuna ujumbe wa kutuliza, kama mguu kwenye breki. Pombe inakanyaga breki na inapunguza gesi. Ndiyo maana mtu anatulia, anasahau madeni, aibu inaondoka, ulimi unakuwa mzito, na akizidisha analala kama maiti. Akizidisha zaidi, hata pumzi inaweza kusimama.

Pombe inafanya pia kitu kingine: inaamsha ile sehemu ya ubongo inayotupa furaha tukipata chakula tukiwa na njaa, au tukipata mtoto. Ubongo unaandika: hiki kitu ni kizuri, nirudishie. Glasi, harufu, rafiki fulani, kona ya nganda, saa ya kutoka shimoni, vyote vinakuwa kengele inayomwita.

Kama mtu anakunywa mara moja moja, ubongo unarudi sawa. Lakini akinywa kila siku, miezi na miaka, ubongo unajitetea. Unaona breki inakanyagwa kila mara, basi unapunguza nguvu ya breki yake wenyewe na kuongeza gesi, ili maisha yaendelee. Hapo ndipo mtu anaanza kusema: "Zamani glasi mbili zilinitosha, leo hata tano sisikii kitu." Anajisifu kwamba ana kichwa kigumu. Ukweli ni kwamba ubongo wake umekwisha kubadilika. Hiyo ni alama ya kwanza ya ugonjwa.

Kiisha siku moja pombe inakosekana. Breki imekuwa dhaifu, gesi iko juu, na hakuna tena kitu cha kuishusha. Moto unakimbia kwenye mteremko. Saa 6 hadi 24 baada ya glasi ya mwisho: kutetemeka, jasho, moyo kudunda, kichefuchefu, hofu bila sababu. Kwenye siku mbili za kwanza: degedege, kama ya mgonjwa wa kifafa, inaweza kuja. Kati ya siku ya pili na ya nne: kuchanganyikiwa, kuona vitu ambavyo havipo, homa, presha kupanda. Wanganga wanaita hali hiyo delirium tremens. Bila matibabu, inaua.

Angalia sasa hesabu ya jirani yetu. Jumapili usiku glasi ya mwisho. Jumatatu jioni, kutetemeka. Jumatano usiku, panya ukutani. Ugonjwa ulifuata saa yake kama ilivyoandikwa kwenye vitabu vya wanganga. Hapakuwa na mchawi.

Na sasa tunaelewa ile glasi ya asubuhi. Mtu anayefungua siku kwa lotoko hatafuti tena raha. Anatafuta mikono isitetemeke. Raha ilimwacha zamani.

Juu ya nini huyu na si yule?

Vijana wawili wanaanza kunywa pamoja. Mmoja anaoa, anapunguza. Mwingine anazama. Watu wanasema wa pili hana moyo wa kiume.

Uchunguzi juu ya mapacha na familia nyingi umeonyesha kwamba karibu nusu ya hatari ya kukamatwa na pombe inatoka kwenye damu ya ukoo. Kama baba na babu walikuwa walevi, mtoto hajahukumiwa, lakini anapashwa kujua kwamba yeye anatembea karibu na shimo kuliko wenzake.

Nusu nyingine inatoka kwenye maisha. Umri wa kuanza ni kitu kikubwa: huko Marekani walikuta kwamba walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walikuwa na hatari karibu mara nne ya wale walioanza miaka 20 au zaidi. Ubongo wa kijana haujamaliza kukomaa mpaka karibu miaka 25, na sehemu inayochelewa zaidi ni ile inayosema "ngoja, fikiri kwanza". Tukumbuke hilo tunapomtuma mtoto wa miaka kumi akanunue lotoko, na njiani anaonja.

Kiisha kuna machungu. Sehemu zetu za kusini ya Maniema zimeona vita ya wenye silaha, watu kukimbia vijiji, wamama kutendewa mabaya. Kampuni ya Banro iliyokuwa inatoa dhahabu Namoya ilisimamisha kazi 2019, na watu waliokuwa na mshahara wakajikuta bila kitu. Kazi ya shimo nayo ni bahati: wiki moja makuta, miezi miwili deni kwa PDG. Mtu asiyelala usiku kwa sababu ya yale aliyoyaona anagundua kwamba pombe inamlaza. Kwa siku za kwanza inafanya kazi. Halafu inaharibu usingizi wenyewe, huzuni inaongezeka, na dawa inageuka kuwa ugonjwa wa pili.

Maneno ya mtaani

"Nakunywa juu ya baridi ya shimo." Pombe inafungua mishipa ya damu kwenye ngozi, ndiyo maana unasikia joto. Lakini joto hilo ni la ndani linalotoka nje. Mwili unazidi kupoa.

"Inaleta nguvu ya kazi." Inapunguza kusikia uchovu na maumivu. Nguvu haiongezi. Mtu anabeba mzigo ambao mgongo wake umekataa, na anajua kesho yake.

"Inaua minyoo." Ikifika kwenye utumbo imekwisha kuchanganyika na maji na chakula, minyoo haisikii kitu. Dawa ya minyoo ni albendazole au mebendazole, na kituo cha afya kinaijua.

"Ni chakula, imetoka kwenye mahindi." Pombe inatia joto mwilini kama mafuta yanavyotia, lakini haina protini wala vitamini. Inamshibisha mtu bila kumlisha. Zaidi ya hapo, inazuia mwili kupokea vitamini B1. Mlevi anayekula muhogo tu, bila maharagwe, karanga wala samaki, anaweza kupoteza akili: macho yanayumba, miguu inapepesuka hata siku hajanywa, mambo ya jana anayasahau kabisa. Hali hiyo ikipata vitamini B1 mapema inatengemaa. Ikichelewa, haitengemai.

Si mambo ya mlevi peke yake

Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa hesabu mwezi wa sita 2024: kwa mwaka 2019 peke yake, pombe iliua watu milioni 2.6 duniani, milioni 2 kati yao wanaume. Watu milioni 400 walikuwa wanaishi na matatizo ya kunywa, na milioni 209 kati yao walikuwa wamekamatwa kabisa. Vifo 724 000 vilitoka kwenye ajali, mapigano na kujiua. Wanaoumia kwa sehemu kubwa zaidi ni wa miaka 20 hadi 39, ndio umri ule ule wa watu wa shimo na watu wa moto.

Sehemu nyingine ya vifo inapita kwenye magonjwa mengine. Mtu anayekunywa sana, kinga yake inashuka. Hatari ya kupata kifua kikuu inapanda karibu mara tatu. Sasa ongeza vumbi ya mawe kwenye mapafu ya mchimbaji, ongeza watu kumi wanaolala kwenye kibanda kimoja. Akianza dawa za kifua kikuu, dawa hizo zenyewe zinachosha ini, na pombe inalimalizia. Akiacha dawa katikati, ugonjwa unakuwa sugu na unaenda kwa wengine. Ni vile vile kwa dawa za ukimwi: pombe inasahaulisha vidonge, na inasahaulisha kujikinga.

Mama mjamzito akinywa, mtoto anakunywa naye, maana pombe inapita kwenye kondo. Ini la mtoto bado halijawa tayari. Anaweza kuzaliwa na uzito mdogo na akili nzito ambayo shule haitaweza kuirudisha. Hakuna kiasi kilichothibitishwa kuwa salama kwenye mimba.

Na kuna nyumba. Makuta ya minerval yanayeyuka kwenye glasi. Bibi anapigwa, watoto wanajifunza kutambua mlio wa hatua za baba ili wajue kama wakimbie. Hayo hayaingii kwenye hesabu ya OMS, lakini kila avenyu yetu inayajua.

Tutaje pia vidonge. Siku hizi kuna wanaochanganya pombe na tramadol ili wasisikie uchovu. Vyote viwili vinapunguza pumzi. Vikikutana, mtu analala na haamki.

Lotoko inayopofusha

Kuna pombe nyingine inayofanana na etanoli kwa harufu na kwa rangi: metanoli. Inatumika viwandani. Mwilini inageuka kuwa tindikali inayoshambulia mshipa wa macho. Alama zinaweza kuchelewa saa 12 au zaidi: kichwa kuuma sana, tumbo, pumzi ya haraka, macho kuona kama ukungu mweupe. Kiisha upofu, au kifo.

Kenya wanaijua habari hii. Mwezi wa kumi na moja 2000, pombe yenye metanoli iliua watu zaidi ya 100 Nairobi. Mwezi wa tano 2014, zaidi ya 60 wakafa kwenye kaunti kadhaa. Mara nyingi si kosa la kupika kwa kawaida: ni mfanyabiashara anayeongeza spiriti ya kiwanda ili pombe iwe kali na faida iwe kubwa. Mapipa yaliyobeba kemikali nayo ni hatari, pamoja na mabomba yaliyounganishwa kwa risasi. Kama watu wawili watatu waliokunywa fasi moja wanalalamika juu ya macho, usingoje asubuhi: hospitali mara moja, na wengine waliokunywa pale watafutwe.

Maswali manne ya kujiuliza

Munganga mmoja wa Marekani, John Ewing, alichapisha 1984 maswali manne mafupi ambayo yanatumika mpaka leo. Kwa maneno yetu ni haya: Umewahi kuona kwamba unapashwa kupunguza pombe? Watu wakikusema juu ya kunywa, unakasirika? Umewahi kusikia ndani ya moyo kwamba umekosa juu ya kunywa? Umewahi kunywa asubuhi ili utulie au mikono isitetemeke?

Ukijibu ndiyo mara mbili, nenda ukaongee na muuguzi. Si hukumu. Ni kama kupima malaria. Na kama jibu la swali la nne ni ndiyo, soma sana sehemu inayofuata.

Namna ya kuacha bila kufa

Kwanza: anayekunywa kila siku tangu zamani, na anatetemeka akikosa, asiache ghafula peke yake nyumbani. Aende kituo cha afya kabla ya kuacha, si baada. Kama kituo ni mbali au njia haipitiki, apunguze pole pole, siku kwa siku, mpaka afike kwa munganga. Aliyewahi kupata degedege akikosa pombe asijaribu kabisa bila munganga.

Pili: kwenye kituo, dawa inayotumika sana ni diazepam. Inafanya kazi ya ile breki iliyolegea, na inapunguzwa kidogo kidogo kwa siku chache. Anapashwa kupewa pia vitamini B1, na kama anahitaji serumu ya sukari, B1 itangulie. Dawa hizi si ngeni. Lakini usinunue diazepam sokoni umpe mwenyewe: ikikutana na pombe mwilini, inaua kama tramadol.

Tatu: kwa familia. Chumba kitulivu, taa iwake usiku, maji ya kunywa mengi, uji, mtu anayemfahamu akae karibu. Akisema anaona panya, usibishane naye na usimcheke. Mwambie uko naye. Kumfunga kamba na kumpiga kunapandisha homa na presha. Sala na dua zinaruhusiwa, hakuna munganga anayezikataza, ila zifanyike pembeni ya kitanda cha kituo cha afya, si fasi ya kituo.

Nne: kutoa pombe mwilini ni wiki moja. Kubaki bila pombe ni kazi ya miaka. Kengele za ubongo hazifi haraka. Kuanguka tena kunatokea kwa wengi, kama vile presha inavyopanda tena kwa mgonjwa aliyesahau vidonge. Mtu anaanza tena, hafukuzwi. Kuna dawa zinazosaidia mtu aliyekwisha kuacha asirudie pombe, kama naltrexone na acamprosate, ambazo OMS iliziweka kwenye orodha ya dawa muhimu 2023, lakini bado si rahisi kuzipata vijijini. Kinachopatikana kila fasi ni watu. 1935, Marekani, walevi wawili, Bill Wilson na munganga Robert Smith, waligundua kwamba kila mmoja anabaki bila kunywa kama anamsaidia mwenzake. Kutoka pale vikundi vya wanywaji walioacha vilienea duniani. Hapa kwetu kikundi kama hicho kinaweza kukaa kwenye msikiti, kwenye kanisa, au chini ya mwembe. Hakihitaji mfadhili.

Kwa wagonjwa wa akili wenye hali ngumu, mashariki ya inchi kuna vituo kama SOSAME Bukavu na Tulizo Letu Goma. Kwa wengi wetu ni mbali mno. Lakini hatuanzi na sifuri. Kasongo ndiko, kwenye miaka ya 1970, mradi wa afya uliofanyika pamoja na chuo cha magonjwa ya tropiki cha Antwerp, Ubelgiji, ulionyesha kwamba kituo kidogo chenye muuguzi aliyefundishwa vizuri kinaweza kubeba kazi kubwa ya afya ya wanainchi. Mifano kama huo ilisaidia kujenga mpango wa zone za afya tulio nao leo. Ulevi nao ni ugonjwa ambao muuguzi anaweza kuanza kuutibu, akipewa mafunzo na dawa mbili tatu.

Na wale wanaopika?

Kila mara tukizungumza habari hii kwenye redio, kuna anayesema: vunjeni mapipa yote. Si rahisi hivyo. Lotoko nyingi inapikwa na wamama, na ile lotoko inalipa minerval na chumvi ya nyumba. Ukivunja pipa bila kuonyesha kazi nyingine, kesho litapikiwa porini, usiku, bila usafi.

Inchi jirani zilianza na kile kidogo kilicho rahisi kufichwa mfukoni: Tanzania ilikataza pombe ya sashe tangu tarehe 1 mwezi wa tatu 2017, Uganda ikafuata 2019. Na hapa kuna mambo ambayo chefu, wakubwa wa soko, wa msikiti na wa kanisa wanaweza kupatana bila kungoja Kinshasa: nganda zisifunguliwe asubuhi, mtoto asiuziwe wala asitumwe, anayenuka pombe asishuke shimoni wala asiendeshe moto, anayepika asiongeze spiriti ya kiwanda hata kidogo. Na sisi wengine tupunguze aibu. Kwenye mji wenye Waislamu wengi kama Kasongo, wengi wanakunywa kwa kujificha. Anayejificha anachelewa kutibiwa.

Jirani yetu alikaa siku sita kwenye kituo. Aliporudi, alikonda, lakini alijua watoto wake kwa majina. Miezi mitatu baadaye alianguka tena, wiki moja. Safari hii hakuapa mbele ya familia. Alienda mwenyewe kwa muuguzi siku hiyo hiyo, akiwa bado ananuka, akasema anataka kuacha na anaogopa. Leo anachimba, anauza unga, jioni anapita njia ya mbali ili asione ile nganda. Bibi yake ananiambia bado anahesabu siku, kama mtu anayehesabu dhahabu kidogo kidogo kwenye mzani.